Kuyatafuta Maji ya Ngama Yanapoingilia

Wenye vyombo vya baharini, manahodha, mabaharia na wavuvi wa Unguja na Pemba wanaelezwa katika ukurasa huu namna ya kutafuta chanzo cha maji yanayokusanyika katika ngama, yaani pahala pa chini kabisa ndani ya chombo. Imezoeleka kwa baadhi ya mabaharia kuyafua maji hayo alfajiri na kung'oa nanga bila ya kuuliza yametoka wapi, na pengine bila hata ya kumwarifu nahodha. Kufua maji ni wajibu, lakini hakuzibi tundu.

Ni kweli kwamba chombo cha mbao hakikosi kuvuja kidogo. Jambo la kutazamwa ni kiasi, na kama kiasi hicho kinabadilika. Tundu moja lenye upana wa sentimita 2.5, likiwa sentimita 30 chini ya usawa wa bahari, huingiza zaidi ya lita 40 kwa dakika, nazo ni ndoo mbili kubwa. Ndoo 50 za namna hiyo ni tani nzima ya maji, na tani hiyo haitulii kama shehena iliyofungwa. Chombo kikilala upande mmoja, nayo hukimbilia upande huo huo. Kwa hiyo nahodha ahesabu ndoo zinazofuliwa kila asubuhi na aziandike. Zikiwa tatu kila siku kisha ghafla zikawa saba, pana jambo jipya.

Hatua ya mwanzo ni kujua kama maji ni ya chumvi au ni matamu. Yasionjwe ikiwa yamechanganyika na dizeli. Tone moja likaushwe juani juu ya kipande cha bati, na likiacha ukoko mweupe ni maji ya bahari. Maji matamu hutokana na mvua iliyopenya sitahani au pipa la kunywea lililopasuka. Wavuvi wazingatie pia barafu, kwani huyeyuka ikachanganyika na chumvi ya samaki, na mtu akadhani kwamba bahari imeingia.

Baada ya hapo chombo kifuliwe hadi kikauke, kifutwe kwa kitambaa, kisha kitazamwe kwa nyakati mbalimbali. Maji yakiingia chombo kikiwa nangani, injini imezimwa na tanga limekunjwa, kasoro imo katika mbao zilizozama daima, katika misumari iliyoliwa na kutu, au karibu na mkuku. Yakiingia wakati wa kwenda kwa tanga tu, zitazamwe mbao za juu za upande wa demani, ambazo huzama pale chombo kinapolala na upepo. Mbao hizo hushinda juani, zikasinyaa, na kalafati yake ikalegea. Yakiingia injini inapofanya kazi tu, yatazamwe mabomba ya maji ya kupozea injini na pale shafti ya rafadha inapotokea nje. Katika mashine nyingi za zamani matone machache kwa dakika hapo penye shafti ni ya kawaida wakati inapozunguka, ila mchirizi si wa kawaida.

Linalowapoteza wengi ni kwamba maji hayakai yalipoingilia. Huingia omo, yakapita katika vijitundu vya mataruma, yakatulia karibu na shetri, na fundi akaharibu siku mbili kukalafati mbao zisizo na kosa. Dawa yake ni kuviziba vijitundu hivyo kwa matambara kwa muda, ili ngama igawike vyumba vyumba. Chumba kitakachojaa mwanzo ndicho chenye ugonjwa. Ndani ya chumba hicho ipakwe chaki ya unga juu ya mbao zilizokauka, na njia ya maji itajichora yenyewe. Matambara yaondolewe kabla ya safari, kwani maji yaliyozuiwa hayafiki kwenye pampu.

Mafundi wetu wana njia nyingine iliyo bora kwa mashua na madau. Maji yakupwapo, chombo kikiwa kimekaa juu ya mchanga na kimeegemezwa vyema, hutiwa ndani ndoo chache za maji, na mtu akazunguka nje kutazama panapotoka jasho. Maji yasizidi kiasi, maana uzito wake huzipanua mbao ambazo hazina bahari ya kuzikandamiza kwa nje. Vilevile chombo kilichokaa nchi kavu kwa muda mrefu kitavuja kinaposhushwa, na kisihukumiwe mara moja; mbao hunywa maji zikavimba zikakutana. Anayeshindilia kalafati kwa nguvu katika mbao kavu ataziona zikisukumana na kung'oa misumari baada ya kuvimba.

Kwa boti za faiba zenye pampu ya umeme ijiwashayo, tahadhari ni mbili. Pampu hiyo huyaficha maradhi hadi betri inapokwisha usiku, na bomba lake la kutolea maji likiwa chini ya usawa wa bahari laweza kuyavuta maji yale yale yakarudi ndani. Mdomo wa bomba uwekwe juu sana ya maji, hata chombo kikiwa na shehena kamili.

Chombo ambacho ndoo zake zimeongezeka na chanzo hakijaonekana kisipakie abiria wala mizigo. Baada ya matengenezo kikae nangani usiku mmoja, na asubuhi ndoo zihesabiwe upya.