Usimnyang'anye simu

Wazazi wa Kalemie, kuanzia Lukuga mpaka Kituku, wananiletea swali lile lile: "Mtoto wangu anachekwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Nimnyang'anye simu muda gani?" Usimnyang'anye hata siku moja.

Mwanafunzi anapigwa picha uani mwa shule, shati lake jeupe limeshonwa begani kwa uzi mweusi. Picha inatupwa kundini, mmoja anaongeza sauti ya kicheko, mwingine anaisambaza kartye nzima. Ukimnyang'anya simu, picha inabaki kwenye simu za wenzake, na asubuhi yeye peke yake ndiye asiyejua usiku walisema nini. Tena watoto wengi hapa simu hawana, wanaazima ya kaka siku ya kupata mega za intaneti, na wanaonewa vilevile.

Kibaya zaidi, umemfundisha kwamba anayesema ukweli nyumbani anaadhibiwa. Mwaka 2008, Jaana Juvonen na Elisheva Gross wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha utafiti juu ya vijana wa miaka 12 hadi 17. Tisa kati ya kumi hawakumwambia mtu mzima waliyotendewa mtandaoni, na sababu mojawapo ilikuwa hofu ya wazazi kuwakataza intaneti. Hao ni wa Marekani, lakini hofu hiyo naisikia hapa hapa. Mzazi akiniambia "tangu nimchukulie simu ametulia," mimi ndipo naingiwa na wasiwasi. Hajatulia, anakuficha.

Basi msikilize mpaka amalize, bila kumuuliza kama ni yeye aliyeanza. Msifute kitu: pigeni picha ya skrini yenye jina, namba na tarehe, ndipo mzuie huyo mtu. Mjue kwamba aliyezuiwa bado anaonekana katika kundi mlilomo pamoja, kwa hiyo mtoto atoke kundini au msimamizi amwondoe mkosaji. Usiende kugombana kwa jirani usiku. Nenda kwa prefe wa shule na barua, ubaki na nakala yenye muhuri. Shule ikikaa kimya, nenda kwenye sheria za Kongo: ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, na Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, inayoadhibu kumsumbua mtu kwa njia ya elektroniki. Na akianza kusema heri afe, usingoje Jumatatu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, wala usimwache peke yake njiani.