Wagika na Wagalu wa Vichekesho vya Televisheni

Endapo utafika Geita, Katoro au Kahama siku ya Jumapili jioni, wakati karasha za kusagia mawe zimepumzika na vumbi limetulia, usishangae kuwakuta watu wazima, wenye wake na watoto, wakibishana kwa jazba juu ya jambo ambalo si mpira wala si siasa. Mmoja anaapa kwamba nchi hii haijapata kumzaa mchekeshaji aliye sawa na Mzee Majuto. Wa pili anamwona mwenzake kuwa amepitwa na wakati, maana kwake yeye Joti akivaa kanga na kujitia bibi, hapana tena mjadala. Wa tatu, aliyepata kuishi Sirari karibu na mpaka wa Kenya, hataki kusikia jina lolote isipokuwa Mzee Ojwang'. Aliyepita njia akidhani kuna ugomvi wa dhahabu atasimama asikilize, na baada ya dakika tano naye atakuwa amekwisha chagua upande.

Kwa watu wa Usukuma jambo hilo si geni. Tangu karne ya kumi na tisa ngoma za huko zimegawanyika katika vyama viwili vikuu, Wagika na Wagalu, ambavyo hushindana katika uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Hapana mwamuzi mwenye filimbi. Watazamaji ndio waamuzi: upande unaowavuta watu wengi zaidi ndio ulioshinda. Kwa sababu hiyo wachezaji walibuni kila hila ya kuwavuta, wengine wakacheza na nungunungu, wengine na chatu, na wengine wakatumia mzaha mtupu. Ukitembelea Bujora, karibu na Mwanza, wakati wa sikukuu ya Bulabo, utauona ushindani huo kwa macho yako. Mtu aliyelelewa katika desturi hiyo hawezi kutazama kichekesho kwa ukimya kama anayesoma barua. Hapana budi awe na upande, na upande huo autetee.

Televisheni yenyewe ilichelewa kufika. Zanzibar ilikuwa na kituo chake tangu 1973, tena cha rangi, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994 kilipoanza kituo cha ITV. Kabla ya hapo Serikali iliona kuwa chombo hicho ni anasa ambayo nchi maskini haikuwa na haraka nayo. Mfanyakazi wa Mwadui au mkulima wa pamba wa Maswa alichekeshwa na redio. Pwagu na Pwaguzi, wale wajanja wawili wa Radio Tanzania walioyatoa majina yao katika methali, walikuwa wageni wa kila nyumba yenye betri. Hata leo wapo wazee wanaoshikilia kwamba kichekesho cha kusikia kinazidi cha kuona, kwa sababu sura ya Pwagu kila mtu alijichorea mwenyewe. Hoja hiyo ina nguvu kuliko vijana wanavyodhani.

Machimboni, picha ziliingia kwa mlango wa vibanda vya video. Ni vibanda vya mabati au turubai, vyenye jenereta nje na mabenchi ndani, ambavyo watu wameviita "kibanda umiza". Na aliyepata kuyakalia mabenchi yake kwa saa tatu hahitaji kuuliza maana ya jina hilo. Mgodi mkubwa wa Geita ulipofunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, vibanda vya namna hiyo vilikuwa vimekwisha zoeleka katika maeneo ya wachimbaji wadogo. Machimboni hukusanyika watu wa makabila mengi, na si wote wenye Kiswahili chepesi. Ndiyo maana Mr. Bean wa Uingereza, aliyeigizwa na Rowan Atkinson katika vipindi vya 1990 hadi 1995, hakuhitaji mfasiri katika vibanda hivyo. Mtu ambaye hasemi neno, na ambaye kila anachokigusa huharibika, anaeleweka na yeyote aliyewahi kushika kazi mpya.

Lakini mapenzi ya kweli ni ya wale wanaosema lugha yetu. Mzee Majuto, jina lake Amri Athumani, mwana wa Tanga aliyefariki dunia Agosti 2018, aliishika nafasi moja akaitawala: baba mkorofi, bahili, mwenye tamaa, anayeshindwa na werevu wake mwenyewe. Mashabiki wake husema kwamba hakuwa akiigiza, bali alikuwa akimwonyesha mjomba wa kila mmoja wetu. Kundi la Ze Comedy lilikuja kwa njia nyingine. Lilianzia EATV, na mwaka 2008 likahamia TBC1 kwa jina la Orijino Komedi. Wao walichukua kila mwenye sauti katika nchi, awe mwanasiasa, mwanamuziki au mhubiri, wakamrudisha kwetu akiwa amegeuzwa nje ndani. Kanda ya Ziwa nayo ilijibu kwa Futuhi ya Star TV, kutoka Mwanza, na kwa watu wa Shinyanga hapo palikuwa na raha ya pekee: kucheka mambo ya jirani badala ya mambo ya Kariakoo.

Raha hiyo inatufikisha kwenye swali ambalo mashabiki wa Shinyanga hulibishania kwa sauti ya chini zaidi. Katika vichekesho vingi vilivyotengenezwa Dar es Salaam, mshamba anayeshuka kwenye basi akiwa na fimbo na shuka, anayeogopa ngazi za ghorofa na kutapeliwa kabla jua halijatua, ni Msukuma. Lafudhi yake, ambayo "r" hugeuka "l", inatosha kuwaangusha watu kwa kicheko kabla hajasema lolote la kuchekesha. Wapo wanaolipokea jambo hilo kama utani, na utani baina ya Wasukuma na Wazaramo ni wa siku nyingi. Wapo pia wanaohoji, na kwa maoni yangu wanahoji kwa haki: katika utani mtani hujibu, lakini mtu wa kwenye kioo humjibuje?

Mfano mmoja unafaa kupimwa. Benson Wanjau, ndiye Mzee Ojwang' wa Vitimbi, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu. Kwa miaka mingi alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, na Wajaluo wengi wakampenda kama wao. Kwa nini? Kwa sababu Ojwang' hakuwa lafudhi tu. Alikuwa mume wa Mama Kayai, mwenye hila, hasira na aibu, akishindwa leo na kurudi kesho. Upande wa pili, kipindi cha Kiingereza Mind Your Language, kilichoanza 1977 kwa kuwaonyesha wageni wakijifunza lugha darasani, kilisimamishwa Uingereza mwaka 1979 kwa kuwa mkuu wa vipindi alikiona ni cha kuudhi. Nchi nyingi za Afrika na Asia ziliendelea kukicheka, pamoja na watu wa mataifa yale yale yaliyodhihakiwa. Basi lafudhi peke yake haina hatia. Kosa huanza pale ambapo mwenye lafudhi hapewi kitu kingine chochote.

Liko jambo zito zaidi, nalo sitalipita haraka. Katika vichekesho vyetu bibi kizee mchawi na mganga wa utajiri ni wahusika wa kila siku. Pengine huko mbali ni mchezo. Lakini Shinyanga na Geita ni mahali ambapo vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, kisa wana macho mekundu, ilhali macho hayo ni matunda ya miaka mingi ya kupika kwa moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Ni mahali ambapo watu wenye ualbino waliwindwa kwa imani kwamba viungo vyao huleta bahati ya dhahabu. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikikaa Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino. Katika nyumba ya namna hiyo, mtoto anapomcheka bibi wa kwenye televisheni anayeruka na ungo, bibi yake mwenyewe ameketi pale pale, macho yake yakiwa mekundu. Hatudai kipindi kipigwe marufuku. Tena mchekeshaji stadi aweza kufanya kazi ambayo mikutano haikuiweza: mwonyeshe mganga akiwa tapeli, akitorokea dirishani na pesa za mchimbaji, nawe uone jinsi kibanda kizima kitakavyopasuka kwa kicheko. Mchimbaji aliyekwisha kutapeliwa ndiye atakayecheka kwa sauti kuliko wote.

Siku hizi simu imeanza kuwatenganisha mashabiki. Baba anacheka peke yake uani, binti anacheka peke yake chumbani, kila mmoja na kipande chake cha dakika mbili. Hata hivyo katika nyumba nyingi za Kambarage au Nyankumbu kioo cha sebuleni kimoja bado kinagombewa, na mama, aliyemaliza kuosha vyombo, ana kura nzito kuliko anavyokubali. Na umeme ukikatika katikati ya kipindi, hapo ndipo utamjua shabiki wa kweli: atasimama gizani, ajifunge kanga ya mkewe kiunoni, na kuwamalizia wenzake kisa kwa sauti ya Joti.