Pepopunda na Udongo wa Shambani

Mkulima ajichomapo msumari mguuni huung'oa, akafunga kitambaa na kuendelea na palizi. Kidonda chaweza kufunga na kusahaulika. Kisha, aghalabu katika siku ya nane au ya kumi, taya hukaza asiweze kula. Shingo na mgongo hukakamaa, na kishindo kidogo tu, hata cha mlango, huupinda mwili wake kama upinde huku akili zake zikiwa timamu. Huo ndio ugonjwa wa pepopunda. Jina lake limewapeleka wengi kwa mganga wa kupunga pepo kabla ya hospitali, nao wamechelewa.

Asili yake ni bakteria akaaye udongoni na katika samadi. Mwaka 1884 Arthur Nicolaier, huko Ujerumani, aliwadunga wanyama udongo wakaugua. Mwaka 1889 Kitasato Shibasaburo, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Berlin, akafaulu kumtenga bakteria huyo peke yake. Akiwa udongoni hujifunika ganda gumu, akadumu miaka mingi, wala maji ya kuchemka kwa dakika chache hayamwui. Hapendi hewa. Kwa hiyo tundu jembamba la mwiba au msumari, lisilotoa damu nyingi, ni la hatari kuliko wengi wadhanivyo. Humo ndani hutoa sumu ishikayo mishipa ya fahamu, na sumu ikiisha kushika, hakuna dawa ya kuibandua. Hospitali huzuia ile iliyosalia, hutuliza mishtuko na kusaidia pumzi.

Kwa upande wa watoto wachanga, ambao bakteria huyu huwaingia kwa kitovu kilichokatwa au kupakwa kitu kichafu, kazi kubwa imefanyika. Akina mama huchanjwa wakati wa ujauzito, na mwaka 2012 ilithibitishwa kwamba Tanzania imefikia kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha kuutokomeza ugonjwa huo kwa wachanga na wazazi. Lakini mwanamume hana kliniki ya ujauzito. Sindano za utotoni hupungua nguvu kadiri miaka ipitavyo, naye ndiye mwenye kushika panga, kubeba samadi na kujenga zizi.

Tena ugonjwa huu hauambukizwi na mtu kwa mtu. Surua ikizuiliwa kwa wengi, hata asiyechanjwa hupata kinga kwa jirani zake. Katika pepopunda ushirika hausaidii kitu, kila mmoja hujikinga kwa mkono wake mwenyewe. Hata aliyeugua akapona aweza kuugua tena, kwa kuwa sumu yenyewe ni kidogo mno kuufundisha mwili kujikinga. Naye pia yampasa achanjwe.

Mtu mzima asiyewahi kuchanjwa huhitaji sindano ya kwanza, ya pili baada ya majuma manne au zaidi, na ya tatu baada ya miezi sita, kisha za kuongeza nguvu. Katibu wa chama aweza kumwandikia mganga mfawidhi wa zahanati kabla ya msimu wa kununua mazao, wanachama wakusanyikapo ghalani, kuulizia chanjo kwa watu wazima.

Jeraha lolote lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi safi, takataka zitolewe, wala lisipakwe majivu, udongo au kinyesi cha ng'ombe. Mwenye jeraha la kuchomwa aende zahanati siku ile ile, asingoje taya.