Daktari wa mifugo: Mkulima wa Meru na Embu hulipia nini?

MFUGAJI wa Imenti au Runyenjes mwenye ng'ombe wawili wa maziwa hukabiliwa na swali lile lile kila mnyama anapokataa kula: amwite daktari wa mifugo, au akimbilie duka la dawa sokoni? Wengi hukimbilia dukani. Kinachowapeleka huko si ujinga, bali ni pesa.

Hali haikuwa hivyo zamani. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, serikali iliwaajiri madaktari wa mifugo waliohitimu Kabete, na mkulima alitozwa ada ndogo tu. Marekebisho ya kiuchumi yaliyoshinikizwa na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa yaliiondoa serikali hatua kwa hatua katika tiba, majosho na uhimilishaji. Gharama ikamwangukia mwenye ng'ombe.

Daktari binafsi naye hubeba mzigo wake. Hulipia leseni kila mwaka, kodi ya duka, friji ya chanjo, na mtungi wa nitrojeni oevu ambamo mbegu za fahali huhifadhiwa kwa nyuzi 196 chini ya sufuri. Juu ya hayo kuna petroli ya pikipiki ya kupanda na kushuka vilima vya Mlima Kenya, ambavyo njia zake hugeuka matope mvua ya masika ikinyesha. Baadhi ya wateja hawalipi mpaka chama cha ushirika kitoe pesa za maziwa mwisho wa mwezi.

Kwa kuwa wakulima hawapendi kulipia ushauri mtupu, daktari hutafuta faida yake katika bei ya dawa. Huo ni utaratibu mbovu, kwani humtuza anayedunga sindano kuliko anayesema kwamba haihitajiki.

Hata hivyo, kuchelewa ndiko ghali zaidi. Ndigana kali, inayoenezwa na kupe, hutibika ikigunduliwa mapema, wakati mnyama ana homa na tezi za chini ya sikio zimevimba. Mapafu yakishajaa maji na povu kutoka puani, dawa haifui dafu. Kipimo cha dawa hiyo hufuata uzito, hivyo tiba ya Friesian mkubwa hugharimu mara kadhaa ya ile ya ndama. Naye anayejidungia ng'ombe antibiotiki kwa kukisia, kisha akauza maziwa siku hiyo hiyo, huwanywesha majirani dawa.

Sheria ya mwaka wa 2011 inamtaka kila anayetibu mifugo kwa malipo, awe daktari mwenye shahada au msaidizi mwenye cheti ama diploma, asajiliwe na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Mkulima ana haki ya kuomba kuona leseni ya mwaka huo. Kwa kazi ya kawaida msaidizi anatosha. Ng'ombe anayehitaji kupasuliwa ili azae ni wa daktari.

Ni vyema ada ya safari, ya uchunguzi na ya dawa zitajwe kando kando kabla ya kazi kuanza, na jina la dawa liandikwe pamoja na siku ambazo maziwa hayafai kuuzwa. Majirani wa kilima kimoja wanaweza pia kumwita daktari siku moja, wakagawana nauli ya pikipiki.