Mlinzi wa Kisima cha Bahari

Mji wa Diff, katika Wajir Kusini, uko mbali na bahari. Hata hivyo, mpaka wa Kenya na Somalia unaopita kando yake ndio uteremkao hadi pwani, ukatokea baharini karibu na Kiunga. Na mfugaji wa Diff anajua kwamba kisima kisicho na mlinzi hukaushwa na wapitao, wenyewe wakabaki na ndoo tupu.

Hayo ndiyo yaliyoifika bahari ya Somalia. Serikali ilipoanguka mwaka 1991, pwani hiyo ilikosa wanamaji wa kuilinda, na meli za kigeni zikaja kuvua bila idhini. Wavuvi wadogo walipata hasara, na malalamiko yao yakawa miongoni mwa sababu zilizotajwa uharamia ulipoenea.

Kenya nayo ina haki ya kuvua hadi maili 200 za baharini, takriban kilomita 370 kutoka pwani. Ngalawa na mashua zetu hazifiki huko, hasa upepo wa kusi unapovuma. Jodari wa kilindini huvuliwa na meli kubwa zitokazo mbali. Ndiyo maana Kikosi cha Walinzi wa Pwani kiliundwa kwa sheria ya mwaka 2018, kikazinduliwa Liwatoni, Mombasa, tarehe 19 Novemba mwaka huo. Chombo chake mashuhuri ni Doria, meli ya mita 54 iliyoundwa Bangladesh.

Meli ya namna hii haihitaji kufyatua mizinga ili itimize kazi yake. Huisogelea meli inayovua na kuiamuru isimame. Kisha maofisa hupanda, wakakagua leseni, daftari la mavuno, matundu ya nyavu na samaki walio ghalani. Mkosaji husindikizwa bandarini akajibu mashtaka.

Ndugu msomaji, samaki wakipungua baharini, wa kwanza kuhisi ni mama karanga, ambaye karo ya wanawe hutoka kikaangoni. Lakini ulinzi nao una adabu yake. Kwa miaka kadhaa wavuvi wa Lamu walikatazwa kuvua usiku kwa sababu za usalama, na dhiki ikaingia majumbani. Mlinzi mwema wa kisima humzuia mwizi, wala hamfukuzi mwenye ndoo. Meli ya doria ni amana ya umma: na iwakabili wakubwa walio mbali kabla ya kumsumbua mwenye ngalawa aliye karibu.