Uvumi wa chanjo una wenyewe

Mwaka wa 2021 mzee mmoja anayeugua kisukari aliletwa na bintiye katika kliniki yangu kutaka ushauri kuhusu chanjo ya Covid-19. Alitoa simu mfukoni, akanionyesha ujumbe uliodai kuwa chanjo hutiwa mafuta ya nguruwe. Foleni nje ilikuwa ndefu, nami nikacheka. Mzee alirudisha simu mfukoni, akaniaga kwa heshima, akaenda zake. Baada ya miezi miwili alirudishwa akihema, akalazwa kwa oksijeni. Alipona, lakini kicheko kile hunisumbua hadi leo.

Mpenzi msomaji, sisi madaktari tumezoea kudhani kwamba uvumi kama huo huzuka wenyewe kwa sababu ya ujinga. Si kila mara. Mnamo Juni 2024 shirika la habari la Reuters lilifichua kwamba kuanzia 2020 hadi katikati ya 2021, jeshi la Marekani liliendesha kampeni ya siri mitandaoni kuichafulia jina chanjo ya Sinovac ya Uchina. Akaunti za uongo zisizopungua 300 zilipatikana katika mtandao wa X, wakati huo ukiitwa Twitter, zikijifanya za wananchi wa kawaida wa Ufilipino. Waislamu wa Asia ya Kati na Mashariki ya Kati nao waliambiwa kuwa chanjo za Uchina huenda zina jelatini ya nguruwe, hivyo ni haramu. Sinovac yenyewe ilisema haitumii chochote cha nguruwe. Sisemi ujumbe wa mzee ulitoka kwa wanajeshi hao. Lakini maneno ya namna ile walikuwapo watu waliolipwa kuyatunga, ugonjwa ukiwa bado unaua.

Wala Wamarekani si wa kwanza. Mnamo 1983 gazeti la Patriot la India lilichapisha barua isiyo na jina iliyodai kuwa UKIMWI ulitengenezwa katika maabara ya jeshi la Marekani. Nyuma yake walikuwa KGB, majasusi wa Kisovieti. Mkuu wa ujasusi wa Urusi, Yevgeny Primakov, alikiri mwaka wa 1992. HIV ilitokana na virusi vya sokwe. Hata hivyo nilipokuwa shuleni tulisimuliwa hadithi ile kama kweli tupu, na wapo wagonjwa wanaonisimulia mpaka sasa.

Siku hizi mgonjwa akitoa simu, tunausoma ujumbe pamoja hadi mwisho. Huwa simuulizi nani alimtumia, maana jibu ni shemeji au rafiki wa kanisani. Namuuliza nani aliuandika kwanza. Kisha namweleza chanjo hufanya nini mwilini: mkono kuuma, pengine homa na uchovu wa siku moja au mbili. Nawe ukipata ujumbe uliokutia hofu, usiufute kwa kuogopa kuchekwa. Uje nao, umwonyeshe daktari wako kabla ya kukataa sindano.