Kuacha Pombe kwa Asiyemwamini Mungu

Alcoholics Anonymous (AA), chama cha wanaoacha pombe kilichoanzishwa Akron, Marekani, mwaka 1935, kina hatua 12. Sita kati yake humtaja Mungu au nguvu iliyo kuu kuliko binadamu. Asiyeamini huona mlango umefungwa, kumbe uko wazi: sharti la uanachama ni nia ya kuacha kunywa, basi. Mwaka 1975 wasioamini walianzisha mkutano wao wa AA huko Chicago, na tangu 1994 wapo SMART Recovery, wanaotumia mbinu za kisaikolojia bila dini.

Lakini asiyeamini amshukuru nani? Awashukuru waliomshika mkono: dada aliyemkorogea uji alipokuwa akitetemeka, rafiki aliyepokea simu yake usiku wa manane. Mwaka 2003, wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough waliwaomba wanafunzi waandike kila wiki mambo yasiyozidi matano ya kushukuru. Baada ya wiki 10, waliyaona maisha yao kuwa mazuri kuliko wenzao walioandika kero.

Na awajibike kwa nani? Uraibu ni ugonjwa na hakuna anayeuchagua, ila matibabu yake humhitaji mgonjwa mwenyewe. Wajibu wa kwanza ni kumwona daktari, maana aliyekunywa sana kwa muda mrefu akiacha ghafla anaweza kupata degedege, hata kufa. Kisha zipo hatua ya 8 na ya 9 za AA, ambazo hazimtaji Mungu: orodhesha uliowaumiza, kisha rekebisha, isipokuwa pale kufanya hivyo kutawaumiza zaidi. Aliyeuza simu ya mkewe ili anywe asiishie kuomba radhi. Aseme atainunua nyingine lini, na aanze kuweka fedha.

Tafiti za John Kelly wa Harvard zinaonyesha kwamba AA husaidia hasa kwa kumbadilishia mtu marafiki na kumpa ujasiri wa kukataa glasi. Imani nayo huwasaidia wengi, hasa waliozama sana, kwa hiyo anayeswali asikatazwe. Ila asiyeswali naye asiambiwe hatapona.

Ukiwa mmoja wa wasioamini wanaoacha pombe, andika leo majina mawili: la mtu unayemshukuru na la mtu unayepaswa kumwomba radhi. Kesho mpigie wa kwanza, na kwa wa pili anza kulipa.